Ubavu, ukingo na kitako: namna ya kuieleza sarafu kwa Kiswahili

Swali: Marehemu babu ameniachia kopo la sarafu. Kuna reale kubwa ya zamani, shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, senti zenye tundu, vipesa vya shaba vyenye maandishi ya Kiarabu, sarafu za Kenya na Tanzania, na medali moja ya askari wa K.A.R. (King's African Rifles, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni). Nataka kuziorodhesha kwa Kiswahili, kwa ajili ya familia na kwa mnunuzi akijitokeza. Kila nikianza nakwama: kuna picha, kuna maandishi, kuna ule mviringo wa pembeni, basi. Kila sehemu inaitwaje, na nianze wapi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Anza kwa kutozisafisha. Ndimu, ukwaju na majivu vinang'arisha sufuria, lakini kwenye sarafu vinakula metali, na kusugua kunaondoa kwanza sehemu zilizoinuka zaidi, yaani nywele, shavu, manyoya na vidole. Hizo ndizo sehemu utakazotakiwa kuzieleza. Vumbi liondoe kwa maji safi, kausha kwa kugusisha kitambaa laini bila kufuta, na kila unapoishika sarafu ishike ubavuni.

Neno hilo *ubavu* ndilo la kwanza katika orodha yako. Watu husema sarafu ina pande mbili, kumbe ina tatu: mbele, nyuma na ubavu. Ubavu ni ule unene unaouona sarafu ikisimama wima mezani. *Ukingo* ni kitu kingine: ni tuta jembamba lililoinuka kuzunguka uso wa mbele na uso wa nyuma. Maneno haya mawili yakichanganywa, maelezo yote yanaharibika. Ukiandika "maandishi ya ukingoni", mnunuzi atayatafuta usoni pembeni, kumbe yako kwenye unene.

Ukingo una kazi. Ndio unaopaswa kuwa sehemu ya juu kabisa ya sarafu, ili sarafu zikipangwa moja juu ya nyingine zikae imara na picha zisisagane. Sarafu ambayo picha yake inapita kimo cha ukingo huisha uso haraka. Ndani ya ukingo mara nyingi kuna duara la vitone, kama shanga zilizotungwa, au la vijino vidogo vinavyoelekea katikati. Andika "duara la vitone" au "duara la meno", na angalia kama limekamilika pande zote. Likiwa pana upande mmoja na kupotea upande wa pili, kisahani cha metali hakikukaa katikati kilipopigwa.

Ubavuni utakuta mojawapo ya hali hizi: laini, yenye michirizi wima, yenye maandishi, au mchanganyiko wa hizo. Michirizi ilianza kama kinga dhidi ya wezi waliokuwa wakikwangua fedha kidogo kidogo pembeni, maana ubavu wenye michirizi ukikwanguliwa hujulikana mara moja. Shilingi zako za simba zina michirizi. Reale yako, ikiwa ni ile ya Maria Theresa, mtawala wa Austria wa karne ya 18, ina maneno ya Kilatini *Justitia et Clementia*, yaani Haki na Huruma, yakitenganishwa na mapambo. Izungushe polepole chini ya taa uyasome yote. Bandia nyingi za kumimina kwenye kalibu hujifichua hapo: maneno hayasomeki, au kuna mshono mwembamba uliopita katikati ya ubavu, mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ukiona tundutundu kama za sindano usoni, shaka inazidi. Kisha ipime. Reale halali ina gramu 28.07 na kipenyo cha karibu milimita 40, na mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu inatosha. Iliyotembea sana hupungua kidogo, lakini gramu mbili nzima haziendi kwa mikono ya watu.

Ipi mbele, ipi nyuma?

Kanuni inayotumika sana ni kwamba mbele ni upande unaobeba mamlaka: mfalme, rais, nembo ya taifa au jina la mtawala. Nyuma ni upande wa thamani, mnyama, mmea au alama nyingine. Kwa shilingi ya Tanzania ya 1966 hakuna ubishi: Mwalimu Nyerere na maneno RAIS WA KWANZA ni mbele, mkono ulioshika mwenge ni nyuma. Kwa Kenya lazima uangalie mwaka. Katiba ya 2010, ibara ya 231, inakataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha, kwa hiyo sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina nembo ya taifa mbele, na nyuma kuna twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na tembo kwenye 20. Anayedhani mbele ni lazima pawe na kichwa atamweka twiga mbele.

Vipesa vya shaba vya Zanzibar vya Sultani Barghash havina sura ya mtu. Upande mmoja ni maandishi ya Kiarabu yanayomtaja mtawala, na huo ndio wa mbele. Wa pili una mizani, na chini yake tarakimu za mwaka wa Hijria. Tarakimu husomwa kushoto kwenda kulia hata katikati ya maandishi ya Kiarabu. ١٢٩٩ ni 1299. Kupata mwaka wa Miladi kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: hapa inakuja 1882. Andika miaka yote miwili, lakini ule ulioandikwa kwenye sarafu utangulie.

Ukishajua mbele, shika sarafu juu na chini kwa vidole viwili, sura ikiwa wima, kisha izungushe kushoto kwenda kulia kama unayefunua ukurasa wa kitabu. Ikiwa picha ya nyuma nayo imesimama wima, mpangilio ni wa medali. Ikiwa imesimama kichwa chini, mpangilio ni wa sarafu. Majina haya yanachekesha, kwa sababu sarafu za Uingereza za karne ya 20, na za Afrika Mashariki zilizofuata desturi hiyo, zina mpangilio wa medali, wakati za Marekani zina mpangilio wa sarafu. Ukikuta shilingi ya simba ambayo upande wa pili umekaa mshazari, iweke kando na uiandike hivyo. Muhuri mmoja, yaani chuma kinachopiga picha ya upande mmoja, ulilegea ukageuka mashineni, na wapo wanaotafuta makosa ya aina hiyo.

Uwanja na kilicho juu yake

*Uwanja* ni sehemu tambarare isiyo na picha wala maandishi. Huonekana kama si kitu, lakini hapo ndipo mikwaruzo ya kusafisha hujionyesha. Inamisha sarafu chini ya taa moja. Uwanja ambao haukusuguliwa hurudisha mwanga unaozunguka na sarafu, uliosuguliwa huonyesha mistari mingi myembamba inayoelekea upande mmoja.

Juu ya uwanja kuna *mchoro mkuu*. Ukiwa ni mtu, sema kinachoonekana: kichwa pekee hadi shingoni, kiwiliwili hadi kifuani, au mtu mzima. Sema anatazama upande gani kwa macho yako wewe mtazamaji, si kwa mkono wake yeye. Maria Theresa anatazama kulia. Mahali shingo au kifua kinapokatika panaitwa *mkato*. Pakague kwa kioo cha kukuza mara kumi, kwani wachongaji hupenda kuficha herufi zao hapo. Kwenye sarafu nyingi za Mfalme George V wa Uingereza utakuta B.M., za mchongaji Bertram Mackennal. Chini ya kifua cha Maria Theresa kuna S.F., herufi za maofisa wawili wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, Schöbl na Faby. Wauzaji wengi huziita sahihi ya mchongaji, na hapo wanakosea.

Eleza kwanza kinachoonekana, maana yake ifuate. Watu wa pwani walipozipokea reale za Kihispania zenye nguzo mbili waliziona nguzo kama mizinga, wakaziita reale ya mzinga. Ile ya Maria Theresa ilikuwa reale ya Sham. Majina hayo ni hazina, yaandike kabisa. Ila mstari wa maelezo useme "nguzo mbili", kwa kuwa mtu wa mbali akitafuta mizinga hataiona.

Picha nyingi zimeinuka juu ya uwanja. Zilizozama chini yake ziite *nakshi ya kuzama*. Mwinuko ukiwa mkubwa pande zote mbili mahali pamoja, metali haitoshi kujaza mihuri yote miwili kwa pigo moja, na picha hutoka dhaifu katikati. Kasoro hiyo hudhaniwa kuwa ni kuchakaa. Kuitofautisha, angalia hali ya uso hapo: palipochakaa pana utelezi na mng'ao wa mafuta ya vidole, pasipojaa pana uparuparu ule ule wa kisahani kabla hakijapigwa.

Senti za Afrika Mashariki zenye tundu hazina nafasi ya kichwa, ndiyo maana zina taji na jina la mfalme mbele, na pembe za ndovu zikilikumbatia tundu kwa nyuma. Tundu la kiwandani lina ukingo wake mdogo kulizunguka. Lililotobolewa baadaye ili sarafu ivaliwe shingoni halina, na mara nyingi upande mmoja una makovu ya msumari. Reale nyingi za pwani zilifanywa vidani, basi tafuta pia uvimbe wa risasi ya kulehemu juu ya kichwa, kwenye ukingo na ubavuni. Kitanzi cha kuning'inizia kikishaondolewa, hubaki bapa dogo lililopigwa tupa.

Umbo nalo liandikwe. Senti 5 ya Tanzania ya 1966, yenye samaki, ina pembe 12. Senti 10 ya 1977, yenye punda milia, ina mawimbi pembeni. Zenye metali mbili, kama shilingi 20 ya Kenya, zigawe katika *kiini* na *pete*, na taja rangi ya kila kimoja. Shilingi 500 ya Tanzania iliyoanza 2014 ina *picha fiche* upande wa nyati: ukiigeuza huku na huku unaona mara 500, mara BOT. Isipoonekana kabisa kwenye sarafu ambayo haijachakaa, ishuku.

Maandishi

Tenganisha aina mbili. *Maandishi ya mzunguko* hufuata duara karibu na ukingo. *Maandishi ya uwanjani* hukaa kwa mistari iliyonyooka, kama yale ya pesa ya Barghash. Nakili herufi kama zilivyo, pamoja na nukta, bila kusahihisha. Kilatini cha sarafu huandika V mahali pa U, na hufupisha bila huruma. M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG. ni Maria Theresia, kwa neema ya Mungu Kaizari wa kike wa Warumi, Malkia wa Hungaria na Bohemia. Sentensi haiishii hapo, inaendelea nyuma: ARCHID. AVST. DUX BURG. CO. TYR., yaani mtawala wa Austria, Burgundia na Tyrol. Ndiyo maana ukiandika nyuma kabla ya mbele, unakata sentensi kichwa.

Maandishi hutaja umri hata mwaka ukifutika. Shilingi ya simba yenye IND:IMP:, yaani Kaizari wa India, ilipigwa kabla cheo hicho hakijaondolewa. Za kuanzia 1948 hazinacho. Na hapo hapo metali ilibadilika: hadi 1946 shilingi hiyo ilikuwa na robo ya fedha, tangu 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli usio na fedha hata chembe. Herufi sita zinakuambia utie kwenye kundi gani. Kenya nayo ina jambo kama hilo: sarafu za 1966 hadi 1968 zina kichwa cha Mzee Kenyatta bila maandishi yoyote kumzunguka, na kuanzia 1969 kikazungushiwa maneno ya Kiingereza yanayomtaja kuwa rais wa kwanza wa Kenya. Picha ile ile, aina mbili tofauti.

Mwaka nao una mtego. Reale zote za Maria Theresa za aina hii zinasema 1780, mwaka aliofariki, ingawa zimeendelea kupigwa karne mbili na zaidi, Vienna na pia London, Birmingham, Rome, Paris, Brussels na Bombay. Andika "mwaka ulioandikwa: 1780", usiandike "ya 1780". Huo mmoja ndio uongo unaosemwa zaidi kuhusu sarafu hii, mara nyingi na watu waaminifu.

*Alama ya kiwanda* ni herufi ndogo inayoonyesha mahali sarafu ilipopigwa. Kwenye shilingi za Afrika Mashariki itafute upande wa simba: H ni Heaton wa Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Shilingi ya 1952 ipo ya aina tatu: H, KN na isiyo na herufi. Isiyo na herufi usiiache wazi, andika "hakuna alama", ili asomaye ajue umetazama.

Kitako

Mara nyingine mchoro husimama juu ya mstari, na chini ya mstari huo kuna kipande kidogo cha uwanja chenye mwaka, jina la mahali au alama ya kiwanda. Kiswahili hakijawa na neno moja lililokubalika kwa kipande hicho. *Kitako* linafaa, kwa kuwa ndicho picha inachokalia. Mfano mzuri wa hapa kwetu ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 waliyoipiga Wajerumani Tabora mwaka 1916, wakati vita vimewafungia bahari: tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na kitakoni mwaka 1916 pamoja na herufi T ya Tabora. Kama hakuna mstari wala utengano, hakuna kitako. Sema tu "chini ya picha".

Hapo kuna mtego wa Kiswahili chenyewe. Katalogi za Kizungu huonyesha mahali kwa uso wa saa: kovu kwenye saa 3, alama kwenye saa 6. Kwetu saa sita ni mishale yote miwili juu, kwenye namba 12. Ukitafsiri neno kwa neno, kovu linahama upande wa pili wa sarafu. Tumia juu, chini, kulia, kushoto, "juu kulia", na kadhalika. Ukilazimika kutumia saa, andika "kwenye namba 3 ya uso wa saa".

Medali

Sehemu zote za sarafu zimo pia kwenye medali, na zinaongezeka nyingine: *utepe*, *kishikio* kinachopokea utepe, na *upau* wa metali wenye jina la vita au mahali. Kama ni Medali ya Afrika ya 1902, utepe ni wa njano wenye pindo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani. Nyuma kuna mwanamke aliyesimama akielekea jua linalochomoza, simba kando yake, na kitakoni neno AFRICA. Upau ukisema KENYA, ni wa operesheni za miaka ya 1950, na kichwa cha mbele kinatakiwa kiwe cha Malkia Elizabeth II. Ukikuta George V pamoja na upau huo, kuna la kuuliza.

Ubavu wa medali hii ndio wenye thamani kwa familia: namba, cheo, jina na kikosi cha askari. Linganisha jina hilo na unalolijua. Tahajia ya makarani mara nyingi ni ya ajabu, iache ilivyo na uandike jina sahihi kando. Uso wa ubavu ukiwa umezama kidogo mahali pa jina, au medali ikiwa nyembamba hapo, jina la kwanza lilipigwa tupa na jingine likaandikwa. Na kwa jina la Mungu usisugue utepe.

Mfuatano wa kuandika

Jina na metali, uzito, kipenyo, umbo; kisha mbele, nyuma, ubavu, mpangilio; mwisho hali yake. Kila upande anza na mchoro mkuu, ndipo maandishi kuanzia mahali sentensi inapoanza, kisha alama ndogo. Kwa reale yako itakuwa hivi, vipimo na mpangilio ukijaza vyako, na hali iliyoandikwa hapa ikiwa ni mfano tu:

*Reale ya Maria Theresa (reale ya Sham). Fedha. Duara. Mbele: kiwiliwili cha malkia mwenye ushungi, anatazama kulia, bruchi begani, chini ya kifua S.F.; maandishi ya mzunguko M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG. Nyuma: tai wa vichwa viwili mwenye taji, ngao kifuani, maandishi ya mzunguko ARCHID. AVST. DUX BURG. CO. TYR. 1780 X. Ubavu: Justitia et Clementia, na mapambo. Hali: nywele na manyoya ya kifua cha tai vimelainika, tundu lililotobolewa juu ya kichwa, kovu moja la ukingo chini kushoto.*

Ile X mwishoni ni msalaba wa mshazari, si namba kumi, na wanaoiacha hudhani ni mkwaruzo. Tundu na kovu viko kwenye hali, havikuingizwa kwenye maelezo ya upande wa mbele, kwa sababu ni vya sarafu yako pekee. Piga picha tatu kwa kila sarafu, ya tatu ikiwa ya ubavu, taa ikitoka pembeni na si juu, na kwenye picha ya mbele weka rula karibu nayo.